Shavu la Kidoti

2 Machi

Mvua imeanza siku ileile tuliyoanza kurekodi, na nyumba waliyotukodia safari hii ina paa la bati. Aliyechagua nyumba ya bati kwa kazi ya sauti, tena msimu huu, sijui alikuwa anawaza nini. Matone ya kwanza yalipogonga, mtu wa sauti alivua vidude vyake vya masikioni akasema, "Haya jamani, tupige soga." Tumepiga soga mpaka mchana. Onyesho lililopatikana ni moja tu, mume anakula.

Hii ni awamu ya tatu ya tamthilia yetu. Mimi ni mpambaji. Wanaoniheshimu wananiita Dada Poda, na wasioniheshimu wananiita hivyohivyo. Kazi yangu ni nyuso: naweka jasho, natoa jasho, nazeesha watu, na kwa kuwa hadithi yetu ni ya ndoa, nachora vipigo. Kwa vipigo sina mpinzani katika mji huu. Najisifu mwenyewe kwa sababu hakuna anayenisifu.

4 Machi

Kidoti kachelewa tena. Ndiye anayeigiza mke, na jina kalipata kwa kile kidoti chake karibu na mdomo ambacho ninakifunika kila asubuhi kwa sababu wakubwa wanasema kinamfanya aonekane mjeuri. Kaja anatafuna bazoka, kajitupa kwenye kiti changu, kaanza: "Dada Poda, hivi huyu mwanamke hana ndugu? Hana hata shoga mmoja? Kila akipigwa anakwenda kukaa jikoni."

Nikamwambia afunge mdomo, napaka rangi ya midomo. Simpendi. Ana ujuaji wa wasichana wanaosifiwa wangali wadogo.

Mwalimu ndiye binadamu pale. Ni mwongozaji wetu, na jina hilo wamempa kwa upole wake. Hajawahi kupaza sauti. Hata anayeleta chai anamwambia "tafadhali". Laiti wanaume wangekuwa hivi, ningekuwa nimeolewa mpaka leo.

7 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

8 Machi

Mvua. Mama kasema nikikaa nyumbani namaliza sukari.

11 Machi

Sasa nimeelewa mvua inatufanyia nini. Hadithi ilikuwa na maonyesho ya nje: mke anakwenda sokoni, mke anamtembelea dada yake, mke anatafuta kazi mjini. Yote yamefutwa kwa sababu nje hakurekodiki. Hadithi imehamishiwa ndani. Na ndani ya nyumba ile, waandishi wetu hawajui kingine cha kufanya na mwanamke zaidi ya kumpiga.

Waandishi ni vijana wawili wenye kompyuta moja. Kidoti kawauliza leo kwa nini mke harudishi hata kofi moja. Mmoja wao kajibu bila kuinua macho, "Akirudisha, watazamaji hawatamwonea huruma."

"Kwa hiyo huruma yao ni mpaka nitulie?"

"Eeh," kasema yule kijana. Nadhani hakusikia alichokubali.

14 Machi

Leo imeonyeshwa sehemu ya mke kuminywa mkono. Alama za vidole nilizichora mimi, nne juu na moja chini, na zilitoka vizuri mno. Nyumbani kwetu watazamaji ni Mama na Mama Pacha wa nyumba ya pili, jirani yetu tangu mimi natambaa. Pacha wenyewe wameshaoa siku nyingi, lakini jina limebaki. Kila siku ya tamthilia anakuja na kigoda chake saa moja unusu, anaketi mbele kabisa.

"Mdomo unamponza huyu," Mama Pacha alisema. "Mwanamume karudi kachoka, wewe unamuuliza ulikuwa wapi!"

"Na atapigwa tena," Mama akasema, akacheka.

Mama yangu, kucheka! Baba alikuwa akimpiga Mama. Jambo hilo halizungumzwi kwetu. Tulilizika pamoja na Baba mwenyewe. Lakini mimi nilikuwepo, na nilikuwa na macho. Nilikaa pale na sufuria ya chai mkononi nikashindwa kuelewa ni kitu gani kinachomfurahisha.

19 Machi

Bango jipya limebandikwa njia panda. Mume wa Taifa, yule anayeigiza mume, yuko mzima kuanzia kichwani mpaka viatuni, kakunja mikono. Kidoti ni miguu miwili na kipande cha gauni, kwenye kona, kakatwa kiunoni. Nimempamba uso saa nzima kwa ajili ya picha ile.

Nilimwonyesha Mwalimu. Kacheka kwa upole wake: "Dada, bango lina nafasi ndogo." Nimeitafakari nafasi hiyo njia nzima ya kurudi.

23 Machi

Huyu Mume wa Taifa ni mwigizaji tu, kijana wa watu, nyumbani kwake anaogopa hata paka. Jina alipewa na akina mama kwenye simu za redioni: "Huyo ndiye mume, anayejua kuongoza nyumba." Leo katuonyesha mwaliko. Anaombwa akazungumze mbele ya wanandoa wapya juu ya kudumisha ndoa. Anayemwalika kaona kazi yake yote, kaona jicho nililolichora awamu iliyopita, na bado kasema huyu ndiye wa kutufundisha.

"Utakwenda?" Kidoti alimuuliza.

"Wananilipia nauli," kasema, kwa aibu kidogo.

"Basi waambie siri. Waambie ngumi haifiki, ni kamera tu."

Tulicheka sote watatu. Kidoti akicheka ana sura nyingine kabisa, na leo nilisahau kumfunika kile kidoti. Hakuna aliyeona.

27 Machi

Palikuwa na onyesho la mke anatoka kuoga. Halina maneno, halina maana, halikuwemo. Limeongezwa kwa sababu mvua imekula siku na inabidi kujaza dakika. Mpiga kamera kaanza na vidole vya miguu, anapanda taratibu kama anayepima kitambaa. Kidoti kajifunga taulo vizuri, kainama mpaka kwenye lenzi, kasema, "Kaka, uso uko huku juu. Ukipotea uliza."

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimwita pembeni, wakaongea, na Kidoti alirudi akafanya kama alivyotakiwa. Kwenye kiti changu nilimuuliza kaambiwa nini.

"Kaniambia wanaume wa hapa kazini wanavumilia mengi kutoka kwangu. Kaniambia kwa upole." Alikuwa anang'ata kucha. "Dada Poda, anayekufokea unaweza kumfokea. Huyu utamfanya nini?"

Nilimwondolea jasho.

2 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki, brashi hazikauki, sifongo zinanuka.

3 Aprili

Mvua.

6 Aprili

Nitaandika polepole, maana sitaki kuruka kitu.

Asubuhi jua lilitoka. Kila mtu alichangamka, hata mtu wa sauti aliimba. Kulikuwa na onyesho kubwa: mume anagundua mke kaomba kazi kwa siri, anampiga kofi sebuleni. Kofi la kuigiza lina utaratibu wake. Mwanamume anapitisha mkono hewani, kamera iko nyuma ya bega lake, mwanamke anageuza kichwa, na mlio unawekwa baadaye, mtu wa sauti akigonganisha viganja vyake mwenyewe. Kisha kazi inasimama, naingia mimi, nachora uvimbe, wanaendelea. Nilikuwa nimeshachanganya rangi zangu tangu asubuhi.

Mwalimu akaja akaniwekea mkono begani. "Dada, leo pumzika. Tutakwenda moja kwa moja bila kusimama. Mawingu yanarudi."

"Na uvimbe?"

"Tutaona."

Nikamshukuru. Nikachukua chai yangu nikaenda kukaa barazani.

Nimeshasema kofi la kuigiza halina mlio. Hili nililisikia kupitia mlango uliofungwa.

Niliingia mbio. Hakuna aliyekuwa amesema kata. Kamera ilikuwa inaendelea kula picha. Kidoti yuko chini karibu na kochi, kashika shavu, na Mume wa Taifa kasimama juu yake anasema maneno yake ya kwenye karatasi, sauti inamtetemeka. Kidoti akamwangalia akamuuliza, "Umenipiga?" Akamwita kwa jina lake la kwao, jina aliloitwa na mama yake, ambalo halimo kwenye tamthilia. Yule akanyamaza. Mwalimu akampungia mkono aendelee. Akaendelea.

Waliposimama, Mwalimu alimwinua Kidoti mwenyewe, akamkumbatia. "Ahsante, mwanangu. Leo ndiyo umeigiza."

"Ulimwambia anipige?"

"Ningekuambia mapema, uso ungejua."

"Ungejua nini?" Kidoti aliuliza, mara mbili, kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. "Ungejua nini?"

Pete ya ndoa, ile ya bandia ninayoitunza mimi kwenye kopo langu, ilikuwa imemchana chini ya jicho. Shavu lilikuwa linapanda huku naliangalia. Nilikuja na kitambaa cha maji baridi. Mwalimu akanishika mkono, kwa upole, naapa kwa upole, akasema, "Usiliguse. Tuna onyesho la jikoni kabla ya mvua. Acha lilivyo. Hata wewe usingelichora hivyo."

Na mimi mpumbavu, katika sekunde hiyo, niliumia kwa ajili ya kazi yangu kwanza. Halafu ndipo nikamwangalia.

Wakarekodi jikoni. Nilimwambia Kidoti aondoke, nitabeba mkoba wake, twende. Kakataa. "Nikiondoka sasa, nimepigwa bure," alisema. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akalia machozi aliyotakiwa kulia, wakati uleule aliotakiwa. Mvua ilianza kugonga bati mara tu walipomaliza, na watu wakapiga makofi kwa kuwahi.

7 Aprili

Mume wa Taifa alinifuata nilipokuwa naosha brashi. "Dada, mimi niliagizwa. Niliambiwa Kidoti naye kakubali."

"Ulipomwona chini, ulidhani kakubali?"

Ana macho mekundu, hajalala. Sikumwonea huruma hata kidogo, na nilijaribu.

10 Aprili

Kazi yangu wiki hii sijui niiite nini. Sisi haturekodi kwa mpangilio wa hadithi. Leo tunaweza kurekodi harusi, kesho talaka, keshokutwa posa. Kwa hiyo asubuhi ninalifunika shavu la Kidoti kwa tabaka juu ya tabaka, kwa maonyesho ya kabla ya kofi. Mchana ninalifunua, kwa maonyesho ya baada yake. Na kwa kuwa limeanza kupona, limekuwa la kijani na njano pembeni, jioni nalirudishia ule wekundu kwa brashi ili lifanane na siku ya kwanza. Ninampiga upya kila jioni kwa rangi.

Leo aliuma meno sifongo ilipopita. Nikasema, "Samahani mdogo wangu." Sijawahi kumwita hivyo.

15 Aprili

Kidoti hata bazoka hatafuni.

20 Aprili

Lile kofi limeonyeshwa leo. Pale Kidoti alipomwita yule kwa jina lake, wameweka ngoma juu, halisikiki. Unaona midomo tu.

Mama Pacha alipiga paja: "Hilo ndilo kofi! Angempa zamani!" Nje nilisikia nyumba nyingine nazo zinashangilia kama bao limefungwa. Niligeuka kumwangalia Mama. Hakuwa anacheka. Aliinuka kabla kipindi hakijaisha, akaenda jikoni, akawa anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mama Pacha alipoondoka nilimfuata.

"Ile haikuwa rangi," Mama alisema.

"Umejuaje?"

"Wale unaowachora wewe hushika shavu kwanza. Huyu alitafuta mlango ulipo kwanza." Kafunga bomba. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwa nje, Mama."

"Mh," alisema. Aliwahi kuniambia "mh" namna hiyo nilipokuwa mdogo, nikaacha kumuuliza maswali.

24 Aprili

Maneno yametoka. Nani kayatoa sijui. Labda anayeleta chai, Mungu ambariki. Redioni watu wanauliza: kapigwa kweli au hakupigwa? Mmoja kasema kama ni kweli basi ni unyama. Wengi wanataka tu kujua, kama wanavyotaka kujua nani kamzalia nani.

Madam kaniita ofisini. Ni meneja wa vipindi, mwanamke pekee mwenye ofisi yenye mlango pale kituoni. Zamani alikuwa msomaji wa habari, nchi nzima ilimjua kwa sauti, mpaka siku waliyoona mikunjo wakamweka msichana.

"Ijumaa mchana kuna kipindi mubashara," alisema. "Utakaa na mtangazaji, utawaonyesha watu jinsi ulivyochora lile shavu. Brashi, rangi, kila kitu. Dakika kumi. Yaishe."

"Madam, sikulichora."

"Najua hukulichora." Hakuona aibu. "Nakuomba ulichore sasa."

Akaniambia nikifanya hivyo, ajira yangu itakuwa ya kudumu. Miaka yote hii ninaajiriwa awamu kwa awamu, nikimaliza najikunja kusubiri simu. Nikamuuliza kama yeye, mwanamke mwenzetu, anaona ni sawa.

"Usinifundishe uanamke," alisema. "Mimi nimeupata mlango huu kwa kujua pa kunyamaza. Na wewe utapata wako." Kisha akanisindikiza mpaka nje, akaniuliza Mama hajambo.

26 Aprili

Kidoti kaja nyumbani. Mama kamkaribisha bila maneno mengi, kampa kiti kizuri, kamwangalia shavu, halafu kaenda kutuachia chumba. Limebaki kovu dogo chini ya jicho mahali pa pete.

"Wamekuita," alisema. Hakuuliza.

"Wameniita. Kwani wewe huwezi kusema mwenyewe? Nenda redioni, sema nimepigwa."

"Mimi?" Alicheka kile kicheko kibaya kisichofika machoni. "Mimi kazi yangu ni kulia uongo, dada. Nikilia hadharani watanipigia makofi, watasema leo kaweza. Mwenye rangi ni wewe. Ukisema ni rangi, itakuwa rangi mpaka tunakufa."

Nikamweleza kuhusu ajira ya kudumu. Nilitaka ajue ninaombwa nini na nitapoteza nini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kukulazimisha," alisema. "Lakini ukichora, usinipambe tena."

Alipoondoka Mama alirudi, akakaa kwenye kile kiti kizuri. Sikumuuliza ushauri, naye hakutoa. Ninaogopa. Nina miaka arobaini na tatu, na kitu pekee ninachokijua duniani ni nyuso za watu wa kituo kile.

28 Aprili

Mvua. Sikulala.

29 Aprili

Nimefanya. Niandike kabla kichwa hakijapoa.

Mtangazaji ni yule wa michezo, mcheshi, shati la maua. Walikuwa wameniandalia binti mwembamba wa kuchorwa, kakaa kwenye kiti kirefu, anatabasamu, shavu tayari. Nikasema hapana, binti apumzike, nitamchora mtangazaji mwenyewe. Studio nzima ikacheka. Naye akacheka, akatoa uso: "Karibu Dada Poda, lakini usinizidishie, nina mke!"

Nikamchora. Nikaeleza kila hatua kwa sauti: wekundu kwanza, zambarau juu ya mfupa, kijivu pembeni, gundi kidogo kuinua uvimbe. Lilitoka jicho safi, moja ya kazi zangu nzuri. Wakamsogezea kioo, kila mtu akashangaa. Akauliza, "Kwa hiyo ndugu watazamaji, hivi ndivyo shavu la Kidoti lilivyotengenezwa?"

Nikatazama kamera yenye taa nyekundu. Nikasema, "Hapana. Hivi ndivyo ninavyochora mimi. La Kidoti sikulichora. Mwongozaji aliagiza apigwe kweli bila yeye kujua, akapigwa, na mimi nikazuiwa hata kumwekea maji. Nimekaa wiki nzima namfunika na kumfunua. Ile ni damu yake."

Halafu wakaweka tangazo la sabuni, mwanamke anafua huku anacheza.

Walinzi wawili walinisindikiza getini wakanivua kitambulisho. Sanduku langu la brashi limebaki ndani. Nimeambiwa baadaye kwamba habari za michezo ilibidi yule jamaa azisome na jicho lake lilelile, kwa sababu hakuna aliyejua gundi yangu inatolewaje. Nimecheka peke yangu, nikalia peke yangu, nikapika.

2 Mei

Mwalimu katoa tamko. Anasikitika, kwa upole. Anasema sanaa ina gharama, na kwamba Dada Poda ni mtu anayemheshimu lakini ana uchovu. Mume wa Taifa hajasema kitu. Ule mwaliko wake wa kufundisha ndoa haujafutwa. Nimeona tangazo lake.

Redioni mwanamke mmoja kapiga simu kusema ahsante. Mmoja. Nimelikumbuka jina la mtaa wake. Wengine: mpambaji ana wivu kwa kuwa si mzuri. Mpambaji hana mume, anajua nini. Kama ni kweli basi Kidoti ni mwigizaji bora kabisa, apewe tuzo.

5 Mei

Kidoti kapiga simu. "Dada, nimekufa."

"Astaghafiru! Unasemaje?"

"Kwenye tamthilia. Nimefia hospitali, hakuna aliyeniona nikiugua. Nimeuliza kama wananihitaji kwa mazishi. Hawanihitaji, jeneza litakuwa limefungwa. Mume wangu anaoa mwezi ujao. Wameshapata msichana."

"Anajua?"

"Ana miaka kumi na tisa. Anajua nini?" Halafu akasema, "Ahsante, dada yangu. Usidhani sijaona."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Kwa ahsante sikuwa nimejiandaa.

8 Mei

Nilidhani ukweli ungewafanya waone aibu. Umewaongezea watazamaji. Tangu jana wanatangaza kila saa: marudio, kwa maombi ya watazamaji wengi, sehemu ya kofi. Na sasa ile ngoma wameiondoa. Wanataka watu wasikie lile jina alilomwita, wajue ni kweli. Kesho saa moja unusu.

Ukweli wangu umekuwa tangazo lao.

9 Mei

Mvua iliacha mchana, na jioni ilikuwa kavu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Saa moja na robo Mama Pacha alikuja na kigoda chake. Alimkuta Mama kasimama mlangoni, kashika miimo yote miwili.

"Leo televisheni haiwashwi," Mama alisema.

"Imekufa?"

"Nzima."

Mama Pacha alinichungulia kupitia bega la Mama, akadhani kaelewa. "Ni kwa sababu ya mtoto? Pole mwanangu, watu wana midomo. Basi nitakwenda kuangalia kwangu."

"Kaa," Mama alisema.

"Kitaanza..."

"Kaa, shoga yangu. Nina neno nakuuliza."

Mama Pacha akaweka kigoda pale pale kizingitini, akakaa. Mtaa mzima ulikuwa umeshawasha. Muziki wa kuanzia wa tamthilia ulitoka nyumba hii na ile, kila mmoja umechelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Mama alikaa chini kwenye ngazi. Nilitaka kumzuia, kwa sababu nilijua anakwenda wapi, na mimi mwenyewe kwa maisha yangu yote sikuwahi kufika huko.

"Marehemu alikuwa ananipigia chumba kile," Mama alisema, akielekeza kwa kidevu. "Ukuta ule ni wetu na wenu. Mlikuwa mnasikia?"

Mama Pacha aliangalia mikono yake. Nilidhani atasema hapana, na nadhani hata Mama alikuwa ameshajiandaa kwa hapana. Kutoka kwenye nyumba zote kofi likalia kwa pamoja, likifuatiwa na lile jina, na watu wakapiga kelele.

"Tulikuwa tunasikia," Mama Pacha alisema. "Mume wangu alisema ni mambo ya ndani ya watu. Tulikuwa tunaongeza sauti ya redio."

"Najua," Mama alisema. "Nilikuwa naisikia."